Fisimaji Aliyeatamia Mawe ya Trauti

Chubwi! Usiku wa manane, chubwi! Mmesikia?

— Tumesikia!

Nani huyo majini?

— Tuambie, hatulali!

Basi juu mlimani, kwenye mto wa maji baridi ya kung'ata meno, aliishi samaki trauti, mzazi mpya, uzazi wake wa kwanza. Alichimba changarawe kwa mkia, fya, fya, fya, akataga, akafukia. Tangu hapo usingizi hakuujua. Na chubwi ile alikuwa Fisimaji, mla samaki, tumbo gunia, meno misumari.

"Hodi! Nimekuja kumwona mzazi," akasema, akilamba sharubu. "Mayai yako wapi?"

Moyo wa Trauti ukaenda mbio, maneno yakaenda mbio zaidi. "Shikamoo mzee, karibu mzee, lakini usiyale sasa mzee, ni punje za mtama tu, hayatajaza hata pengo la jino, yaatamie kwanza, siku arobaini juani, kila yai litoe trauti mkubwa kama wewe!"

Fisimaji akawaza. Ya kuku huatamiwa. Ya bata huatamiwa. Ya samaki yana cheo gani yasiatamiwe? "Yalete!"

Loo! Yai la trauti likipata joto limekufa. Trauti akamsukumia kokoto saba nyeupe kwa pua, tu, tu, tu.

"Mbona magumu?"

"Baridi hiyo, mzee."

Fisimaji akapanda ukingoni, akakalia. Siku ya kwanza, akakalia. Siku ya kumi, njaa ikamkwangua, akakalia. Ndege wakapita: "We kuku, umetaga lini?" Akasonya, akakalia.

Kule chini kwenye baridi, vitoto vikaanguliwa, vyembamba kama sindano, kila kimoja na akiba yake ya kiini cha yai tumboni, vikajificha katikati ya mawe.

Siku ya arobaini Fisimaji akauma. Kacha! Jino. Akauma la pili. Kacha! Jino.

"Trauti! Haya ni mawe!"

"Mawe? Mzee, ulitikisika?"

"Kidogo tu... siku ya ishirini, nilijikuna."

"Aa, mzee! Ndiyo maana yameganda hivyo!"

Fisimaji akainama kwa aibu. "Mwanangu, usimwambie mtu."

"Simwambii. Ila usionekane huku tena, mzee, watu watauliza."

Akateremka na mto, mapengo mawili, hakurudi.

Funzo, jamani: tuvumilie kama Fisimaji. Mvumilivu hula mbivu, na mbivu ikikosekana, hula jiwe.

Ngano yangu imezama, atakayeiopoa avae sweta. Nilipewa na Trauti mwenyewe, nami nimemwapia: baada yenu nyinyi, simwambii mtu mwingine.

— Wala sisi!