Nani Ampe Jina Mtoto wa Maulida?

Hapo zamani, si zamani ya majini, zamani ya juzi tu, hospitali kubwa tayari zina mashine ya kupiga picha ndani ya kichwa, palikuwa na mwanamke jina lake Maulida. Mumewe, Kombo, alikuwa Bara akijenga barabara, mwezi wa kumi na tano hajatia mguu nyumbani.

Siku hiyo palikuwa na harusi. Maulida anapakua pilau, kichwa kinamgonga kama kawaida yake, mara akahisi ubaridi kifuani. Akatazama. Gauni limelowa mbele. Akajifuta kwa mtandio, likalowa tena. Maziwa. Na yeye hajapata kuzaa.

Mama mkwe, Bi Mgeni, aliona. Akauweka upawa chini polepole, akauliza mbele ya wanawake arubaini:

"Mke wa mwanangu, mtoto umemtupa wapi?"

Maulida akauvuta mtandio, akajifunika kifua. Yeye mwenyewe aliyaogopa yale maziwa kuliko wao.

Jioni hiyo Bi Mgeni alimpigia simu mwanawe. Kombo akasema Ijumaa anakuja, na talaka anaiandika njiani.

Ndipo akaitwa Bi Kidawa, mkunga. Akaingia na Maulida chumbani, akampima, akatoka akasimama mlangoni. "Tumbo hili halijazaa wala kuharibu. Nimewapokea nyinyi nyote na vichwa vyenu vibovu, sasa mnanifundisha kazi?"

Watu wakasema kahongwa. Wajawazito watatu wakatafuta mkunga mwingine wiki ile ile.

Ijumaa Kombo akafika, karatasi mfukoni. Kabla hajaitoa, akaingia Fundi Makame, mshona makubadhi. Mzee huyu kila mteja humchorea unyayo juu ya kipande cha boksi, akakitundika msumarini na tarehe yake. Akatandika vipande vitatu mkekani, vyote vya Maulida: cha kabla Kombo hajasafiri, cha mwaka jana, cha mwezi uliopita. Kila kimoja kimezidi mwenziwe upana wa kidole.

"Mwanamke wa miaka thelathini anakua miguu kama mtoto wa chuo cha Kurani," akasema. "Huyo ni mgonjwa. Mpelekeni hospitali, hayo mengine mtagombana mkirudi."

Maulida akaitazama mikono yake. Pete ya ndoa alikuwa ameivua tangu mwezi wa mfungo ilipombana, akidhani amenenepa. Nyayo zake mwenyewe, na hakujua kama zimekua.

Hospitali wakapiga picha. Daktari akawaonyesha: chini ya ubongo kuna kitezi, kidogo kama dengu, ndicho kinachoamrisha mwili ukue na matiti yatoe maziwa. Chembe za kitezi cha Maulida zilikuwa zikizaliana bila kutumwa, zimefanya uvimbe, na uvimbe unamwaga homoni mchana na usiku. Umeshaanza kubana mishipa ya macho. Mngechelewa, akasema, angepofuka.

Bi Mgeni akakaa sakafuni.

Wakautoa kupitia puani. Akapewa na vidonge. Maziwa yakakauka, damu ya mwezi iliyokuwa imekatika ikarudi, na mwaka wa pili Maulida akazaa mtoto wa kike.

Siku ya saba Kombo akasema jina atalitoa yule aliyemwokoa mkewe. Daktari alipoulizwa alicheka, akasema anawaachia wenyewe.

Bi Kidawa akasema: "Mimi nilisimama peke yangu, na wateja wakanikimbia."

Fundi Makame akasema: "Maneno yako hawakuyaamini. Waliamini maboksi yangu."

Bi Mgeni akajivuta mbele, na watu wakashika vinywa. "Jina ni langu. Maulida alikuwa akijifuta kwa mtandio ili anyamaze. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Bila ubaya wangu, mkunga angeitwa na nani? Makame angeleta maboksi yake kwa nani? Leo angekuwa kipofu, na heshima yake kamili."

Maulida alitaka kumtukana. Akatafuta uongo katika maneno yale, asiuone. Mtoto akalia, gauni likalowa mbele, safari hii maziwa yana mwenyewe. Watatu wamemkodolea macho, na bado hajasema kitu.

Basi nyinyi mliokaa mkisikiliza, msinitazame mimi. Je, jina la mtoto ni la nani?