Sailensa ya Zablon

Wahenga walisema kwamba mtaka yote hukosa yote. Hawakumkataza mtu kutaka, kwa kuwa asiyetaka kitu hata jembe halishiki. Walimwonya yule ambaye amekwisha kupata kinachomtosha, lakini macho yake yakabaki kwenye kile kidogo kilichosalia, mpaka alichokishika kikamponyoka. Jambo hilo lilimpata Zablon Maganga, mwenye mashine ya kusaga katika kijiji kimoja cha wilaya ya Sikonge, mkoani Tabora.

Kabla ya kununua mashine, Zablon alilima tumbaku kwa miaka mingi, na katika tumbaku alisifika kwa bani lake. Bani ni kile kibanda kirefu cha matofali ambamo majani hukaushwa kwa joto la tanuri. Siku za mwisho za ukaushaji, vikonyo vya majani vinapokuwa bado vibichi, mkulima huziba madirisha ya bani na kukandika nyufa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, ili joto lisipotee. Wengine walikandika harakaharaka wakaenda zao. Zablon alilizunguka bani lake akipapasa ukuta kama mama apapasavyo kichwa cha mtoto mwenye homa, na palipotoka joto hata kidogo, alipaziba. Tumbaku yake ilitoka nzuri, na watu wakazoea kusema, "Kuziba, muulize Zablon."

Mashine aliiweka pembeni mwa nyumba yake, kando ya barabara ya vumbi. Kinu kilizungushwa kwa mkanda na injini ya dizeli ya silinda moja, ndogo lakini yenye nguvu, inayowashwa kwa hendeli. Aliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na sailensa yake ilikuwa imeoza kwa kutu. Haukupita muda mrefu ikaanguka. Tangu hapo moshi ulitoka moja kwa moja kwenye mdomo wa injini, na kila mpigo ulilia kama bunduki ya kienyeji. Wateja walizungumza kwa ishara za mikono. Zablon mwenyewe alizoea, kama mtu anavyozoea kukoroma kwake.

Jirani yake Katarina hakuzoea. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa minyaa tu, na mwaka huo binti yake Minza alikuwa amerudi nyumbani kujifungua. Alijifungua mapacha, Kulwa na Doto.

Asubuhi moja Katarina alivuka ua.

"Mwangaluka, Baba Fikiri," alimwamkia Zablon kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka, mama. Umeamkaje?"

"Nitaamkaje na mimi sikulala? Mchana ndio tungefidia, nao mchana ni wa mashine yako. Kulwa akisinzia, mashine inamwamsha. Kulwa akilia, anamwamsha Doto. Doto akilia, Minza analia. Wakilia wote watatu, na mimi naona haya kubaki peke yangu, nalia."

Zablon alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Sasa mama, nikizima, watu watakula nini?"

"Sijasema uzime. Nimesema tunataka usingizi."

Maneno hayo yalirudiwa mara nyingi bila kuzaa kitu, mpaka yakafika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alizisikiliza pande zote mbili, akatoa uamuzi ambao kila mtu aliuona wa haki. Jumamosi ya kuamkia Sikukuu ya Mavuno angekuja yeye mwenyewe wakati mashine inasaga. Kama angeweza kukaa uani kwa Katarina na kuzungumza naye bila kupaza sauti, mashine ingebaki. Kama asingeweza, ingehamishiwa ng'ambo ya kijito, kwenye mabani ya zamani, pasipo na wakazi.

Zablon alirudi nyumbani. Alijua maana ya ng'ambo ya kijito. Masika yakianza, maji hukata njia, na hakuna mwanamke atakayevuka na gunia la mahindi kichwani ilhali kuna mashine nyingine karibu na soko. Kuhamishwa kulikuwa sawa na kufungiwa.

Hakununa wala hakumchukia jirani. Alikwenda Tabora mjini, akazunguka maduka ya vipuri kutwa nzima, lakini hakupata sailensa ya injini ya aina ile. Ndipo akaamua kuitengeneza. Alipakia injini yote kwenye mkokoteni wa ng'ombe, akaipeleka Sikonge kwa fundi Twalibu, mchomeleaji wa vyuma. Twalibu alikuwa Mzaramo, na Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Alipouona mkokoteni, aliweka chini miwani yake ya kuchomelea.

"Mtani! Babu zako walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku mpaka pwani. Wewe kidude hiki umekileta kwa ng'ombe?"

"Babu zangu walibeba kwa sababu babu zako walikuwa wamekaa kivulini wanangoja kuletewa. Kata chuma."

Walifanya kazi pamoja mpaka alasiri. Twalibu alichukua bomba jembamba, akalitoboa matundu mengi kwa drili. Akalizungushia stili waya, zile za kusugulia masufuria, tabaka juu ya tabaka. Kisha akalitumbukiza ndani ya kipande cha bomba nene lililotoka kwenye kisima kilichokufa, akafunga ncha mbili kwa vifuniko vya chuma na kuvichomelea. Mwisho wa lile bomba jembamba, uliochomoza nje, akauacha wazi, na upana wake ulikuwa uleule wa mdomo wa injini.

"Angalia hapa," alisema. "Mlio unaingia kwenye matundu, unapotelea kwenye waya. Lakini moshi una njia yake, haugusi kitu. Injini ni kama mtu, ikivuta pumzi lazima iitoe. Hapa mwisho usipaguse."

"Nimesikia."

"Wanyamwezi kusikia mnasikia. Taabu yenu ni kutenda."

Mashine iliporudishwa na kufungwa mahali pake, Zablon aliiwasha na kumimina debe la mahindi. Mlio uliokuwa kama bunduki ukawa kama wa mtu anayetwanga nyumba ya tatu kutoka hapo. Wanawake waliokuwa foleni walitazamana. Mmoja alianza kuongea kwa ishara kama kawaida, kisha akakumbuka kwamba ana mdomo.

Katarina alikuja akipangusa mikono kwenye kanga.

"Umeharibikiwa?"

"Inasaga, mama. Unga huo hapo."

Katarina alisimama akasikiliza. Upande wa pili wa ua hapakuwa na kilio.

"Watoto wamelala," alisema taratibu, kama anayeogopa kuwaamsha. "Inatosha, Baba Fikiri. Mungu akubariki. Mwenyekiti akija nitamwambia mwenyewe."

Laiti Zablon angeishia hapo, hadithi hii isingekuwapo. Lakini jioni ile watu waliopita kununua unga walimsifu, na sifa zikamwingia kama maji kwenye mchanga. Mmoja alisema, "Kazi nzuri, ingawa ukiwa barabarani bado unaisikia kidogo." Zablon alilichukua lile neno "kidogo" akaondoka nalo. Siku iliyofuata aliacha mashine ikisaga, akaenda mpaka barabarani, akategea sikio. Kweli, ilisikika. Akaenda mpaka kwenye kona, ikasikika bado. Akaanza kuwaza jinsi mwenyekiti atakavyokuja, asimame mlangoni na kuuliza, "Kwani hujawasha?" Wazo hilo lilimpendeza kuliko hata kuruhusiwa kubaki.

Basi akaikabili sailensa kama alivyozoea kulikabili bani. Alichukua kopo nene la chuma lililokuwa na grisi, akalijaza stili waya na kuzishindilia kwa kijiti mpaka zikagoma. Akaliunganisha kwenye ule mwisho ulioachwa wazi na kulifunga kwa waya. Chini ya kopo alitoboa kitundu cha kupitisha kidole gumba. Kisha akakanda udongo wa kichuguu na majivu, akakandika maungio yote, akipapasa kwa kidole kutafuta panapovuja.

Mkewe, Recheli, alikuwa amesimama karibu akipepeta mahindi.

"Baba Fikiri, mwenzako si alikukataza kuugusa huo mwisho?"

"Alikataza kuziba. Tundu lipo."

"Tundu la panya?"

"Bani langu lilikuwa na tundu kubwa kuliko hilo?"

"Bani lilikuwa na majani ndani, yametulia. Hii injini inapiga."

"Mke wangu, kuziba niachie mimi."

Aliiwasha mashine bila mahindi. Ilizunguka vizuri, na mlio ukawa mdogo kiasi kwamba kuku waliokuwa wakidonoa pumba hawakuinua hata vichwa. Zablon alikwenda barabarani, kisha kwenye kona, akarudi akitabasamu. Alimpigia simu Twalibu ili amtambie.

"Umeongeza nini?" Twalibu aliuliza, na safari hii hakutania. "Umesagia nayo mahindi?"

"Bado, lakini inazunguka kama feni."

"Injini isiyo na mzigo haisemi kweli. Ngoja nije niitazame, usiipe mahindi."

Zablon alikata simu. Moyoni alijiambia kwamba mtani anaona wivu kuzidiwa kwenye kazi yake. Hakuijaribu kwa mahindi siku ile, kwa sababu wateja walikuwa wamekwisha kuondoka, na siku ya pili ilikuwa ndiyo Jumamosi yenyewe.

Jumamosi hiyo foleni ilikuwa ndefu, maana kila nyumba ilitaka unga wa Sikukuu ya Mavuno. Mwenyekiti alifika akaketi uani kwa Katarina kwenye kigoda. Minza alikuwa ametandika mkeka penye jua la asubuhi na kuwalaza mapacha hapo. Katarina hakungoja kuulizwa.

"Mwenyekiti, mimi sina kesi tena," alisema. "Huyu jirani amefanya ya kiungwana. Sikiliza mwenyewe."

Ng'ambo ya ua, Zablon alizungusha hendeli. Injini ikashika, ikatulia. Mwenyekiti alitega sikio, akatikisa kichwa kwa mshangao. Zablon alimwona kupitia mwanya wa minyaa, na kifua kikamjaa. Akamimina debe la kwanza kwenye kinu.

Mahindi yalipofika kwenye nyundo za kinu, injini ililegea. Zablon aliiongezea mafuta. Ikalegea zaidi, na moshi mweusi ukaanza kupenya kwenye udongo. Maji ya kupoozea yalichemka yakaruka nje. Shingo ya bomba la moshi ikawa nyekundu kama kaa. Recheli alipiga kelele, "Zima!" Lakini wanawake wote walikuwa wakitazama, na mwenyekiti alikuwa ng'ambo ya ua, na Zablon aliona kwamba debe moja tu likipita mambo yatanyooka. Akavuta mafuta mpaka mwisho.

Kishindo kilichotokea kilisikika mpaka sokoni. Kopo la grisi lilichomoka, likapita juu ya ua likitoa moshi na vipande vya udongo, likaanguka uani kwa Katarina hatua chache kutoka kwenye mkeka. Injini ilikohoa mara moja, ikakwaruza ndani, ikakwama. Baada ya hapo kilisikika kilio cha watoto wawili.

Zablon alivuka ua akikimbia. Watoto walikuwa mikononi mwa Minza, wazima, wametapakaa vumbi. Kopo lilikuwa bado likifuka kwenye majani makavu. Alilifukia kwa mchanga kwa mguu wake.

"Nilikuwa namwambia mwenyekiti inatosha," Katarina alisema. Sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo lilimuumiza Zablon zaidi. "Nilikuwa nimeshakutetea, Baba Fikiri. Mimi nilikuomba usingizi tu. Sasa niseme nini?"

Mwenyekiti alilitazama kopo, akautazama mkeka, akainuka kwenye kigoda.

"Kelele ningeivumilia," alisema. "Hili la kurusha vyuma kwenye watoto siwezi. Ikitengenezwa, ikafungwe ng'ambo ya kijito."

Wanawake walibeba mahindi yao, mmoja baada ya mwingine, wakaelekea kwenye mashine ya karibu na soko. Recheli alibaki akizoa unga uliomwagika.

Twalibu alikuja baadaye akafungua injini. Valvu ya kutolea moshi ilikuwa imeungua na pistoni imekwaruzika, kwa sababu joto lilikosa pa kutokea likarudi ndani. Aliufungua mdomo ili amtanie mwenzake, akamtazama usoni, akaufunga. Sailensa ya kwanza, ile waliyoitengeneza pamoja, aliikuta nzima kabisa. Aliisafisha masizi, na injini ilipotengenezwa akairudisha mahali pake.

Mavuno yalikuwa yamekwisha na wateja wamezoea kwingine siku mkokoteni ulipoivusha mashine ng'ambo ya kijito. Zablon aliiwasha, akamimina mahindi yake mwenyewe. Ilisaga vizuri, kwa mlio wa chini na wa upole ambao ungemwacha mtoto mchanga alale. Alikaa mlangoni akitazama njia, na pande zote hapakuwa na nyumba, wala mtoto wa kulala, wala mteja. Kimya chote alichokitaka alikuwa nacho. Kweli waliosema hawakukosea: mtaka yote hukosa yote.