Kwa Nini Lundo la Mchanga Hukataa Kusimama Wima

Zamani, mito ya kwetu ilipokuwa bado haijazoea kukauka, mchanga haukujua kuteleza. Ulichimba shimo jembamba upendavyo, na kuta zake zikakaa wima kama zimejengwa. Hata mimi, niliyechimba visima vya mchangani tangu ujana wangu, nikiwaza jambo hilo nashangaa.

Ukaja mwaka wa ukame. Mto ukakauka, maji yakajificha chini ya mchanga. Kalondu, mwanamke mwenye nguvu na choyo cha kupindukia, akayafikia kabla ya wenzake. Kisima chake alikichimba chembamba makusudi, aingie mtu mmoja tu, naye ndiye huyo mmoja. Wifi yake Mutheu alipofika na mtoto aliyekauka midomo, Kalondu alimjibu kutoka shimoni, "Nenda kachimbe chako, wifi. Mchanga haujaisha."

Mchanga ulisikia. Punje moja, ndogo kuliko mbegu ya wimbi, ikamwachia jirani yake. Jirani naye akamwachia mwenzake. Kufumba na kufumbua ukuta mzima ukamiminika kama maji, kisha ukatulia na kumbana Kalondu kifuani, mgumu kama jiwe. Kitu kilekile, maji na jiwe! Mpaka leo mwili hunisisimka. Kila alipotoa pumzi, mchanga ulishuka ukamkaza zaidi.

"Wifi, nakufa!"

Mutheu angeweza kwenda zake. Wangapi kati yenu wangebaki? Semeni kweli. Alimlaza mtoto kwenye kivuli cha ukingo, akaita wanawake. Walipochota karibu na Kalondu, mchanga ulirudi palepale. Basi wakaanzia mbali, wakamzunguka, wakichota kwa vibuyu na kusogea ndani polepole, hadi shimo likawa pana kama bakuli. Hapo mchanga ukatulia. Kalondu akatoka, na pale alipokuwa amesimama maji yakajaa, kila mmoja akayafikia kutoka upande wake. Mtoto wa Mutheu alikunywa kwanza. Kalondu ndiye aliyemshikia kibuyu.

Na tangu siku hiyo mchanga una mwinamo wake. Urundike utakavyo, ukizidisha, punje moja itaachia, na nyingine zitaifuata mpaka mteremko urudi uleule. Ndiyo maana visima vyetu ni vipana, na tunashuka taratibu, kwa sababu hakuna mtu, hata awe mzee kiasi gani, anayejua ni punje ipi itakayoanza.