Mamba Anasubiri Ikauke

Haya, sogeeni. Riziki, toa mguu wako kwenye mkeka wangu, unanidondoshea manjano. Na wewe Zuena, hilo bakuli la tui liweke mbali na paka. Nimeambiwa mkishapaka hayo madude usoni hamtakiwi kucheka wala kusema mpaka yakauke. Vizuri sana. Miaka yote naomba nyumba hii itulie, kumbe dawa yake ilikuwa yai!

Basi wenye nyuso safi wataitika kwa mdomo. Mliojipaka mtaguna.

Niwape nisiwape?

"Tupe!"

"Mmh!"

Nikidanganya?

"Danganya vizuri!"

"Mmh!"

Na atakayecheka?

"Akanawe aanze upya!"

Mbona hapo wengine hamkuguna? Haya, twendeni.

Palikuwa na kiangazi. Kiangazi kikali, mpaka visima vikakauka kau, mito ikakauka kau, likabaki bwawa moja tu. Na ndani ya bwawa hilo alikaa Mamba.

Mamba alikuwa mkubwa. Mamba alikuwa na nguvu. Mamba alikuwa mlafi. Akatangaza: "Anayetaka maji alete mtoto. Asiyeleta mtoto asinywe!" Kanga akaleta kifaranga, akanywa, akarudi analia. Ngiri akaleta mwanawe, akanywa, akarudi analia. Mamba akila, akijilamba, akicheua, anauliza, "Nani anafuata?"

Zamu ikamfikia Bi Digidigi. Bi Digidigi alikuwa na mtoto mmoja, mmoja tu, anaitwa Chikichi. Mama wa watu akakaa mlangoni kwake, midomo imempasuka kwa kiu, mtoto kamlaza mapajani.

Sasa kwenye ufa wa ukuta wa Bi Digidigi alikaa Mjusi. Mnamjua yule mjusi mwembamba mwenye kung'aa, anayepita ukutani kama katoka kupakwa mafuta sasa hivi? Ndiye huyo. Amezaliwa hivyo. Mama yake aling'aa, bibi yake aling'aa, na katika ukoo mzima hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua kopo la mafuta. Hilo lishikeni, litatufaa mbele.

Mjusi akatoa kichwa. "Jirani, unalia nini?"

"Kesho nampeleka Chikichi bwawani," akasema Bi Digidigi. "Nisipompeleka atakufa kwa kiu. Nikimpeleka ataliwa. Unataka nilie nini kingine?"

Mjusi akamtazama yule mtoto, na ulimi wake mdogo umetoka nje, mkavu. Ikamuuma. Na kusema kweli na yeye alikuwa na kiu. Akasema, "Jirani, usimpeleke mtu mpaka nirudi."

Mbio! Nyiri nyiri nyiri, mpaka bwawani. Mamba akatoa macho juu ya maji.

"Nani wewe?"

"Mimi mpwa wako, Mjusi. Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

"Sina mtoto, mjomba. Nimekuja kukujulia hali tu."

Jua likampiga Mjusi mgongoni. Ng'ari! Mamba akamwangalia. Akageuka, akajiangalia mgongo wake: magamba, vinundu, mabonde, kama gome la mti lililokosewa. Akamwangalia tena Mjusi. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, asisikiwe na vyura:

"Mpwa wangu, hivi wewe unapaka nini?"

Wanangu, swali hilo limewaponza wengi. Mjusi alikuja pale bila mpango wowote, alikuja kuomba huruma tu, ambayo Mamba hakuwa nayo. Lakini aliposikia "unapaka nini", akili ikamjia yote kwa pamoja.

"Ah, mjomba," akasema, akijitazama kucha. "Hizo ni siri za watu."

"Sema, au nikumeze."

"Nasema! Wewe unaniona hivi, unadhani nilizaliwa hivi? Mimi nilikuwa kama wewe! Magamba haya haya, vinundu hivi hivi. Nitazame. Miguu yangu si minne? Mkia wangu si mmoja? Basi tofauti yetu ni matunzo tu."

Mamba akahesabu miguu ya Mjusi. Minne. Akahesabu yake. Minne. Akaamini.

"Na ukubwa?" akauliza. "Mbona mdogo hivyo?"

"Hapo ndipo nilipoharibu, mjomba. Nilipaka, nikang'aa, halafu nikafanya pupa ya kunawa kabla haijakauka. Nikanywea kama shuka mpya. Ndiyo maana nakuonya: ukishapaka, maji usiguse. Hujamsikia bibi harusi wa watu? Akishapakwa singo anawekwa ndani, ametulia, hagusi hata kazi. Unadhani ni bure?"

"Na vitu vyenyewe si vya ghali?"

"Ghali ya nini! Wanaonunua vya ghali ni washamba. Hivi vyote ni vya nyumbani: asali, yai, tui la nazi, manjano, unga wa mchele."

"Nyumbani kwangu kuna mifupa tu," akasema Mamba.

"Basi ni vya nyumbani kwa watu. Nitazunguka."

Akazunguka. Kwa Nyegere akaomba asali. Nyegere akakumbatia kibuyu chake kama mtoto, hatoi, hatoi, mpaka Bi Digidigi alipokuja akasimama mbele yake na Chikichi mgongoni. Nyegere akatoa kibuyu huku ameangalia pembeni. Kwa Kima akapata nazi. Kwa Bi Digidigi akachukua manjano na unga wote uliobaki jikoni. Kwa Kanga akaomba yai, Kanga akasema, "Yule aliyekula mwanangu ndiye nimpe yai ajipambie?" Mjusi akamnong'oneza. Kanga akaingia ndani, akatoka na yai viza, la tangu msimu uliopita, ukilitikisa linalia kubwi kubwi.

Mjusi akarudi bwawani, Nyegere nyuma yake anakifuata kibuyu chake. Mamba akatoka majini, akajilaza ukingoni, tumbo chini, kidevu mchangani.

"Kwanza," akasema Mjusi, "tunajaribu kidogo nyuma ya sikio, tuone ngozi inakubali au inakataa."

Wakatafuta sikio la Mamba. Wakatafuta huku, wakatafuta huku. Hawakulijua liko wapi, na mwenyewe hakulijua.

"Hapo tunaruka," akasema Mjusi. "Sasa, kijiko kimoja kinatosha."

"Kijiko? Mimi na mwili huu?"

"Ni kali, mjomba. Kidogo kidogo."

"Unataka ubaki unang'aa peke yako! Lete yote!"

"Mjomba, yote ni..."

"Yote!"

Mjusi akatikisa kichwa kama mtu aliyesikitika sana. Akammwagia yote. Asali, chwaa! Tui, chwaa! Unga na manjano, pwata, pwata! Nyegere akashika dodoki, kwaru kwaru kwaru, anasugua na kulamba vidole, huku Mjusi anaimba:

Paka, mjomba, paka,
sugua taratibu,
ikikauka utang'aa!

Mwisho likapasuliwa yai. Pu! Hata vyura walihama.

"Mbona linanuka hivi?" Mamba akalia.

"Hiyo harufu ndiyo nguvu yake. Kisichonuka hakifanyi kazi. Sasa nisikilize, mjomba, maana ya usoni ndiyo yenyewe. Ukishapakwa husemi, hucheki, hufungui mdomo. Ukifungua kabla haijakauka, itapasuka, na palipopasuka patabaki kunyanzi mpaka siku utakayokufa."

"Na ikikauka, nitaju..."

"Mdomo, mjomba!"

Kwap! Mamba akafunga mdomo. Kimya. Akabaki amelala ukingoni, wa njano kuanzia puani hadi mkiani.

Mjusi akapiga mluzi. Wanyama wakatokea vichakani, wanaogopa, wananyata. Wa mbele alikuwa Bi Digidigi. Sasa njia ya kushukia majini ilikuwa moja, nayo ilipita mbele ya pua ya Mamba. Bi Digidigi akafika hapo, akasimama. Akaitazama ile midomo mirefu, meno yametokeza huku na huku. Hakuweza kwenda mbele na hakuweza kurudi.

Chikichi hakungoja. Kiu ya mtoto haijui Mamba. Akachoropoka mgongoni kwa mama yake, tip tip tip, akapita, na alipofika puani kabisa akasimama.

"Mama! Mbona babu huyu kapakwa uji?"

Mamba akasikia harufu. Harufu ya digidigi mchanga, laini, wa asubuhi. Tumbo likanguruma, nguruu! Mate yakamjaa. Mdomo ukaanza kufunguka. Krrr, likasikika gamba la yai lililoanza kukauka pembeni ya midomo. Krrr! Bi Digidigi akapiga ukelele.

Mjusi akamrukia Mamba puani. "Mjomba! Kunyanzi!"

Mamba akasita. Jicho moja likamwangalia Chikichi. Jicho la pili likaangalia lile gamba linalotaka kupasuka. Akapima. Mtoto mnono, au uso? Nyama ya leo, au kunyanzi la milele? Na wanyama wote wale wanamtazama, na yeye bado hajang'aa!

Kwap. Akafunga mdomo. Chozi likamtoka, kubwa, na Mjusi akalifuta haraka: "Usilie, mjomba, utaloanisha."

Chikichi akashuka, akanywa. Akanywa mpaka tumbo likawa ngoma. Bi Digidigi akashuka akipepesuka, akanywa pembeni yake, analia na kunywa, kunywa na kulia. Ngiri akanywa. Kanga akanywa, kisha akapita karibu na Mamba, akamchungulia uso, akasema, "Umependeza," akaondoka. Hakuna aliyeacha mtoto siku hiyo.

Kesho yake Mamba akamuuliza Mjusi kwa jicho: tayari? Mjusi akapitisha kidole. "Bado, mjomba. Hapa chini ya kidevu pana unyevu." Keshokutwa akauliza tena kwa jicho. "Bado, mjomba. Leo kulikuwa na wingu." Asubuhi Mjusi anapitisha kidole, jioni anapitisha kidole, na kila jua likichomoza ni bado. Na ile asali ikaita nzi. Wakaja nzi wa nchi nzima, wakajaa mgongoni mwa Mamba, vuuu, na Mjusi anatembea humo humo, huyu nam! yule nam! Akanenepa mpaka shingo ikapotea. Hiyo ndiyo iliyokuwa ada yake, na hakuwa na haraka ya kuona ikikauka.

Mpaka mvua ikaja. Ndo. Ndo. Mwaaa! Visima vikajaa, mito ikajaa, kila nyumba ikapata maji yake mlangoni. Na Mamba akaoshwa vizuri, mkia mpaka pua. Akakimbilia bwawani, akainama kujitazama.

Magamba. Vinundu. Mabonde. Yale yale, na kwa kukosa chakula sasa mashavu yalikuwa yamebonyea.

"Mjusiii!"

Mjusi alikuwa juu ya tete refu, pale pasipofikika. "Labeka, mjomba."

"Hakuna kilichobadilika!"

"Hakuna? Ajabu! Hebu nikuulize. Ulisema?"

"Sikusema!"

"Ulicheka?"

"Nicheke nini mimi na njaa yangu!"

"Na siku ile Chikichi alipopita, hukuwaza nyama?"

Mamba akachora mchanga kwa ukucha.

"Kidogo," akasema.

"Aaah! Basi mjomba usilaumu dawa. Dawa haina kosa lolote. Kosa ni la ngozi yako na mawazo yake. Inabidi uanze upya."

Na Mamba, pamoja na meno yote yale, akauliza, "Asali imebaki?"

Ndiyo maana mpaka leo, ukipita kando ya maji ukamkuta mamba kalala ukingoni, hatikisiki, nzi wanamtembelea, usidhani amelala. Anasubiri ikauke.

Sasa funzo, maana ngano bila funzo wazazi wenu watasema nimewapotezea muda. Funzo ni hili. Ukimwona mwenye ngozi nzuri, mfuate, umuulize anapaka nini, na chochote atakachokitaja kimbilia jikoni ukapake chote. Aliyezaliwa anang'aa hawezi kukudanganya. Kisipofanya kazi, kosa ni lako, ulikuwa unawaza chakula. Na ndiyo maana leo nyumba hii haina tui, haina yai, wali tutakula mkavu, lakini nyuso zenu, mashaallah, kama kuta alizoziacha fundi akaenda kula.

Nimewapa sikuwapa?

"Umetupa!"

"Mmh!"

Nimedanganya?

"Vizuri!"

"Mmh!"

Na aliyecheka?

"Akanawe aanze upya!"

Riziki, nimekuona. Imepasuka hapo pembeni ya mdomo. Kunawa utanawa, mama, lakini kuanza upya hakupo. Yai lilikuwa hilo hilo moja.