Nusu ya Dawa

Hii nimeletewa na dada mmoja wa wodini. Nimeisoma mara tatu, na kwa kuwa siku hizi kila ukoo una mgonjwa wa sukari, sikuona haki kuifungia kwenye simu yangu.

Palikuwa na nesi mmoja wa hospitali ya misheni huko milimani, jina lake Otilia. Zilikuwa zimembakia siku sitini astaafu alipoletewa mgonjwa aliyemkata maini: Matroni Edeltruda, yule yule aliyemfundisha kazi miaka thelathini na minane iliyopita. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya kauli na upande mzima wa kulia. Alikuwa na kisukari, na chakula chake, uji mwepesi wa lishe, kilipita kwenye mpira wa puani, tone kwa tone.

Lo, mama huyu enzi zake! Akikohoa wodini, jikoni wanaacha soga. Na hakuwa na utani kwenye jambo moja: sindano ya insulini na kikombe cha uji vije kwenye sinia moja. Mwanafunzi akileta sindano peke yake, Matroni aligonga pete yake ya ndoa kwenye chuma cha kitanda mara tatu. Ko, ko, ko.

"Binti, umesahau nusu ya dawa. Rudi jikoni."

Sinia likiwa kamili, aligonga mara moja tu. Maana yake, pita. Wenzake walimcheka Matroni mafichoni, lakini Otilia aliipenda ile "ko" moja kuliko cheti. Hata leo akikumbuka uji wa ulezi wa asubuhi zile, machozi humlengalenga.

Sasa mambo ni ya kisasa. Uji unaning'inia kwenye mfuko, sindano ina saa yake kwenye faili, na sinia limebaki la kuwekea pamba.

Asubuhi moja Matroni alipelekwa eksirei. Wahudumu wakaubana mpira ili asipaliwe njiani. Walipomrudisha, kila mmoja alidhani mwenzake ameufungua. Otilia akaja, akatazama faili, akaona saa imefika. Akachoma insulini, akaenda kwa wagonjwa wengine.

Aliporudi baadaye alimkuta bibi wa watu ametota jasho, mkono unatetemeka.

"Homa hiyo, dada Otilia," akasema nesi mwenzake, Skolastika. "Tumfungulie dirisha apate hewa."

Otilia alikuwa keshashika komeo la dirisha aliposikia kitu. Ko. Akageuka. Ko. Mkono wa kushoto wa Matroni ulikuwa kwenye chuma cha kitanda. Ko.

Mara tatu. Akatazama mfuko: umejaa. Akaufuata mpira kwa vidole mpaka kwenye kibano. Umefungwa.

"Skola, pima sukari! Haraka!"

Mbili nukta moja: insulini bila chakula ilikuwa imeishusha mno. Bado kidogo tu azimie, na mtu asiye na kauli akizimia, nani angejua kwamba hajalala? Wakamwita daktari, mgonjwa akapewa maji ya sukari kwenye mshipa, kisha uji ukafunguliwa. Baada ya robo saa jasho lilikauka, na macho yakarudi kuwa yale ya zamani, makali.

Otilia akapiga magoti. "Nisamehe, mama. Nilisahau nusu ya dawa." Akalia bila haya, na mvi zake zote.

Jioni, saa ya sindano nyingine, alikuja amebeba sinia. Juu yake sindano, kando yake uji wa kujazia mfuko. Akapima sukari, akahakikisha mpira unapitisha, kisha akasimama wima kama binti wa miaka ishirini na moja, akangoja.

Matroni alilitazama lile sinia. Kisha akainua kidole chenye pete.

Ko. Moja tu.

Funzo: Insulini haijui kwamba chakula kimesimama. Anayechoma aone kwanza kinaingia, na anayekisimamisha asikae kimya. Vyombo vikibadilika, usiutupe uangalifu wa waliokufundisha. Huenda siku moja maisha yao yakautegemea.