Kwa Nini Bata wa Idi Huamshwa Asubuhi

Sogeeni karibu na jiko, lakini asiyeshiba asinikatize, na aliyeshiba asisinzie. Hiki ninachowasimulia nilikipata kwa bibi yangu Mkasi, naye kila akifika katikati alikuwa akijikanganya. Kwa hiyo mkiniona nami nimejikanganya, jueni nimekisimulia sawasawa.

Hapo zamani Idi ilikuwa siku moja tu. Hapakuwa na Idi pili wala Idi tatu. Jua likichwa, sikukuu imekwisha, vyungu vimeoshwa, na kesho yake mtu anaamkia muhogo wake kama kawaida.

Wakati huo, katika mji wa Shungini, alipita msafiri mmoja na ndege wawili ndani ya tenga. Akasema wanaitwa bata mzinga, akanywa maji, akawaacha hapo, akaenda zake. Hata kuaga hakuaga vizuri. Jina lenyewe likawachanganya watu. Waliosikia bata waliwapeleka kidimbwini, nao wakasimama ukingoni wakiyatazama maji kama wageni waliokosea nyumba. Waliosikia mzinga waliwachungulia chini ya mbawa wakitafuta asali, wakaambulia kudonolewa. Basi wakaachwa wakae wanavyojua wenyewe. Wakazaana, wakajaa mji mzima. Na kelele zao! Gulugulu alfajiri, gulugulu adhuhuri, gulugulu watu wakishajifunika shuka.

Mpishi mkuu wa Idi siku hizo alikuwa Bi Kazija, mke wa Mzee Fumu, mwanamke mkono wake mzuri na mdomo wake haupumziki. Alipowaona wale ndege wamenona, akataka kuwapika. Lakini alikuwa na wasiwasi, maana hakuna aliyewahi kumla ndege wa namna ile. Akaenda kumwuliza Maalim Shaka, aliyekuwa akifundisha watoto wa mji na kujua mambo ya dini.

Alimkuta Maalim yuko mlangoni anasafiri. Wenzake wameshatangulia na mizigo, wanamwita. Maalim alikuwa mjane, ana binti mmoja tu, Siwatu, mwenye miaka kumi, na siku ile Siwatu alikuwa amesimama pale pale amemshikia baba yake bakora. Maalim ameinama anafunga ukanda wa kiatu, nao ukanda hautaki. Bi Kazija akamwaga maneno yake yote kwa pumzi moja:

"Maalim, huyu bata mzinga anatutesa, usiku kucha makelele, hata sijui kama analala, na Idi ndiyo hii imefika, sasa nimtie chunguni au nimwache?"

Maalim akaushinda ule ukanda, akanyanyuka, akachukua bakora yake. "Halali," akasema. Akambusu binti yake kwenye paji la uso, akamwambia, "Kaa na mama yako Kazija mpaka nirudi," akaondoka mbio kuwafuata wenzake.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bi Kazija alirudi mjini na lile neno moja, akalitua mbele ya watu kama anayetua ndoo. Wengine wakasema Maalim amejibu swali la pili: ndege ni halali, aliwe. Wengine wakasema la, amejibu swali la kwanza: ndege huyu halali, yaani hana usingizi, na kweli nani amewahi kumwona amelala? Wakabishana kutwa. Mwishowe, kwa kuwa Maalim hayupo na Idi haingoji, wakaamua wasilipoteze neno lake hata upande mmoja. Bata aliwe. Na kwa kuwa halali, basi nyama yake nayo isilale. Iliwe yote siku ile ile, jua la pili lisiikute ndani ya nyumba.

Ikawa ndiyo mila ya Shungini. Siku ya Idi watu walikula bata mpaka wakapumua kwa mabega. Jioni Bi Kazija alipita nyumba kwa nyumba akifunua kawa kwenye masahani. "Kuna kilicholala humu?" anauliza. Na wenye nyumba, midomo imejaa, wanatikisa vichwa. Kilichobaki walipewa paka, na paka wa Shungini wakanenepa hadi wakasahau panya. Mzee Fumu, mume wake mwenyewe, kila Idi alimwomba, "Kazija, niwekee paja moja la asubuhi. Mimi jioni silifaidi, tumbo limeshajaa." Naye kila mwaka alimjibu, "Fumu, unataka nivunje neno la Maalim kwa ajili ya paja?" Paja linakwenda kwa paka. Mzee Fumu akafa mwaka wa tano, bila kulionja lile paja la asubuhi.

Ulipofika mwaka wa saba, mjumbe alikuja Shungini na salamu za Maalim Shaka kwa binti yake. Zilikuwa fupi kama alivyo mwenyewe: "Nitafika Idi. Niwekee bata."

Siwatu alikuwa sasa msichana wa miaka kumi na saba. Alifurahi mpaka akadondosha mwiko. Lakini Idi ikafika, baba hakufika. Adhuhuri ikapita. Alasiri watu waliotoka bara wakasema mto umejaa, hakuna anayevuka mpaka upungue, labda kesho. Siwatu akamfuata Bi Kazija. "Mama, baba amesema nimwekee."

"Mjumbe amekosea," akasema Bi Kazija. "Baba yako ndiye aliyesema halali. Mtu atavunjaje neno lake mwenyewe?"

Masikini Siwatu alichanganyikiwa kweli. Neno la kwanza ni la baba, na la pili ni la baba. Akimwekea, amemwasi. Asipomwekea, amemwasi vilevile, na mtu wa miaka saba njiani ataingia nyumbani aambiwe kanywe uji. Akakaa jikoni na sahani ya minofu mapajani akijiuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza. Hivi nyama inalala saa ngapi? Ikishalazwa, au ikifumba macho? Na macho iko nayo wapi? Kisha akatazama juu, akaliona susu linalobembea darini, lile la kuwekea chakula kisifikiwe na wadudu. Akajiambia, "Anayening'inia hakulala. Amening'inia." Akaitia minofu kwenye chungu, akaifunika, akakipandisha chungu kwenye susu. Bi Kazija alipopita kufunua kawa, alizifunua zote za chini. Juu hakutazama.

Asubuhi Siwatu alikishusha chungu, akakifunua, moyo ukamshuka. Mafuta yalikuwa yameganda meupe juu ya minofu. Nyama imekuwa baridi, imetulia tuli, haina habari. Hata mimi ningesema imelala.

Akasikia makelele njiani: "Maalim huyo! Maalim amevuka!"

Sasa afanye nini? Akafikiri haraka haraka, na mawazo ya haraka wakati mwingine ndiyo yenye akili. Mtu akilala, anaamshwa. Akishaamka, nani atamwita aliyelala? Akachochea makaa, akabandika chuma cha chapati. Akachambua minofu kwa mkono, akaichanganya na kitunguu, pilipili na achari ya embe, akaikamulia ndimu. Lakini Bi Kazija yuko uani, ataiona! Akachukua boflo la jana, akalikata vipande vipana, akaifunika nyama juu na chini kwa mkate, akaupaka mkate samli, akauweka kwenye chuma, na juu yake akaweka jiwe la kusagia viungo ili bata asipate pa kugeukia. Akainama akanong'ona, "Amka, amka, baba anakuja."

Bata akajibu: chwaaaa!

"Ameamka," akasema Siwatu, machozi yakamlengalenga.

Uani, Maalim Shaka alikuwa ameshaketi, matope mpaka magotini, ndevu zimeingia mvi. Siwatu akatoka mbio. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuwa mkubwa hivi! Nimeikosa Idi, lakini njaa sikuikosa. Yuko wapi bata wangu?"

Bi Kazija akamwahi. "Maalim, karibu, pole na safari, ila bata hayupo. Neno lako tumelishika miaka saba."

"Neno gani?"

"Halali."

"Ndiyo. Halali."

"Basi ndiyo hivyo. Hatukumlaza."

"Hamkumlaza nani?"

"Bata!"

"Kwa nini asilazwe?"

"Si halali?"

"Halali!"

"Basi!"

Maalim akamtazama binti yake kama anayeuliza huyu mama ameanza lini. Na hapo jikoni kukalia tena: chwaaaa.

"Nini kinalia humo?" akauliza Bi Kazija.

"Mkate, mama."

"Mkate tangu lini ukalia?"

Siwatu aliingia, akatoka na mkate ule kwenye sahani, umeiva rangi ya dhahabu, moshi unapanda. Maalim akauma. Mafuta yakamtiririka kwenye ndevu. Akatafuna, akafumba macho, akauma tena. Bi Kazija akasogea, akanusa, akashika kiuno. "Bata huyo!"

"Alilala, baba," akasema Siwatu. "Sikukusudia. Nilimning'iniza, akalala humo humo. Lakini nimemwamsha. Mwenyewe umemsikia."

Maalim akaacha kutafuna. Akauliza kidogo kidogo, akaambiwa yote: swali, neno, kawa, paka. Akakumbuka mlango, akakumbuka ukanda. "Kazija," akasema, "mimi la usingizi wake hata sikulisikia. Nilikuwa napigana na kiatu. Nilisema ni halali kuliwa."

"Hukusema ni."

"Ni ilikuwamo ndani."

"Haikuwamo, Maalim. Mimi nilikuwepo."

Watu walikuwa wamejaa uani. Hakuna aliyejua acheke au alie, maana kila mmoja alikuwa anayakumbuka matumbo yake ya miaka saba. Bi Kazija akakaa chini polepole, palepale mchangani. "Fumu aliniomba paja," akasema, na mdomo ule usiopumzika ukapumzika. "Kila Idi. Paja moja tu, la asubuhi."

Siwatu akaukata mkate uliobaki, akampa nusu. Bi Kazija akala, akala, asiseme kitu mpaka vidole vikawa safi. Kisha akajifuta macho kwa kanga, akasema, "Mimi bado sijaelewa. Lakini nipe mwingine."

Na tangu siku hiyo Idi ya Shungini ikapata asubuhi yake, ikaitwa Idi pili, na mkate ule ukaitwa kiamsha bata. Nyinyi mnauita sandwichi, sawa, midomo ni yenu. Anayeandaa huuliza, "Amelala?" Na wanaongoja hujibu, "Amelala, na niii halali," wakiivuta ile ni mpaka ifike barabarani, isije ikasahaulika tena. Mkate wa kwanza hupewa aliyechelewa. Wa pili hutiwa nyama ya paja, akapelekewa mzee yeyote wa jirani mwenye tumbo dogo la jioni. Bi Kazija ndiye aliyeianza hiyo, na hakuna aliyemwuliza sababu.

Aliyebaki bila kuelezwa ni bata mwenyewe. Ndiyo maana Idi ikikaribia mnamwona anasimama uani, anageuza kichwa upande huu, anageuza upande ule, jicho moja kwenu na jicho moja jikoni, kisha anauliza gulugulu. Amesikia watu wanasema halali. Anataka kujua ni ipi.