Bani Halipozwi kwa Ndoo

Bani halipozwi kwa ndoo. Ndivyo Mbula alivyomwambia mdogo wake Mihayo leo mchana, na sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Vizuri. Mihayo, acha kununa, sogeza huo ungo wa karanga tubangue wote. Methali hii ilianzia hapa hapa nyumbani, nami nilikuwepo.

Babu yenu Lugembe alikuwa mkaushaji wa tumbaku hodari. Bani, kwa nyie mliokulia mjini, ni kile kijumba kirefu cha kukaushia majani: tanuri liko nje, na bomba la moto linapita ndani. Aliulinda moto ule akiwa na sigara mdomoni tangu alfajiri, akikohoa hadi kuku wanakimbia.

Kisha akazaliwa huyu Mbula, na kifua kibovu. Akivuta pumzi unasikia mluzi. Mama yake aliniita jikoni, maana mkwe hamwambii baba mkwe jambo kama hilo usoni.

"Mama, nisamehe," alisema huku akilia. "Mtoto sitamleta tena kwa babu yake mpaka moshi uishe. Hata kwenye shati lake umo."

Ujumbe niliufikisha bila kuupaka asali. Siku hiyohiyo babu yenu alizitumbukiza sigara zake zote chooni, akaapa. Lo! Tulikiona cha mtema kuni. Usingizi ulimpaa, akagombana hata na mbuzi. Majirani walisema hana nia ya kuacha. Waongo wale! Nilimwona mwenyewe akiikunja na kuikunjua kofia ya mtoto iliyosahaulika kwetu.

Siku moja bani likapata joto kupita kiasi. Lugembe ninayemjua angepunguza kuni na kufungua matundu ya juu, kisha angengoja. Lakini kichwa kilimgonga na subira hakuwa nayo, akamwaga ndoo nzima ya maji juu ya bomba. Likapasuka kwa kishindo. Mvuke ukamuunguza mkono, na majani yote ya ndani yakaharibika. Nilimkuta nyuma ya bani, mkono umevimba, anavuta sigara ya kuomba huku machozi yakimtoka.

"Mama Masele," akaniambia, "mjukuu nimemkosa."

Nikamburuta hadi zahanati. Muuguzi alipomaliza kumfunga mkono na kusikia yote, akauliza, "Mzee, kwani bani hupozwa vipi?"

"Kidogo kidogo, mwanangu. Ukilishtua linapasuka."

"Sasa mbona wewe ulijimwagia ndoo?"

Babu yenu akautazama mkono wake uliofungwa.

"Wapo wanaoacha kwa siku moja wakaweza," muuguzi akasema. "Wewe ubongo wako umeizoea mno nikotini. Ikikatwa ghafla, ndiyo hasira na kukosa usingizi. Si unyonge, mzee. Ni ugonjwa, na una tiba." Akatoa kibandiko cha kubandika begani. "Hiki kina nikotini kiasi."

"Nikotini tena? Si ndiyo sumu yenyewe?"

"Ndiyo inayokufunga. Ila kinachokuchoma kifua zaidi ni moshi na lami yake, na humu havimo. Tutaanza na chenye nguvu, tushuke hadi hafifu, mpaka mwili uache kudai. Hamu ikipanda, tafuna kitu, tembea, zungumza na mama. Hupita."

"Na nikiteleza?"

"Unarudi hapa. Sitakugombeza."

Aliteleza, kwenye harusi ya jirani. Akarudi zahanati, na muuguzi kweli hakumgombeza. Vibandiko vikapungua nguvu, na hasira zikapungua navyo. Mbuzi nao wakapumua.

Hata siku moja mama Mbula akaja. Akapita kwenye kamba ya nguo, akalinusa shati la baba mkwe wake, akanipa mtoto. Nami nikampa babu yake. Alimshika kama yai. Nilifurahi, wanangu, nikalia. Tangu hapo babu yenu akawa anamwambia kila aliyehangaika kuacha sigara: bani halipozwi kwa ndoo.

Haya, Mihayo. Asubuhi umeivunja sigara yako ya mvuke, ile yenye harufu ya embe, na kufikia mchana umegombana na nyumba nzima. Ulidhani mvuke hauna nikotini?

"Kumbe siyo mimi tu, Bibi?"

Siyo wewe tu. Ona, mabega yameshuka. Kesho mimi na wewe tunakwenda zahanati, na ukiteleza tutarudi tena. Bani, mjukuu wangu, halipozwi kwa ndoo.